Ganzi ya fizi: jeli inasaidia nini, na kwa nini wengi wetu bado tunasubiri hadi jino ling'olewe

Katika mpaka wa Kobero, mtu anayeumwa na fizi ana njia tatu. Anaweza kuvumilia. Anaweza kwenda kituo cha afya na kukaa foleni, akijua kwamba huenda jibu likawa kung'oa. Au anaweza kununua kitu dukani, upande huu wa Muyinga au ng'ambo ya mpaka kule Kabanga, akakipaka na kuendelea na shughuli zake. Njia ya tatu ndiyo rahisi kuliko zote. Jeli ya kutia ganzi huingia mfukoni, haihitaji friji, na sehemu nyingi huuzwa bila karatasi ya muganga. Maumivu yanapungua ndani ya dakika chache, na mtu anaamini amepona.

Hajapona. Jeli imezima maumivu tu, na ugonjwa uko palepale. Lakini hiyo haimaanishi kwamba jeli ya ganzi ni kitu kibaya. Daktari wa meno huitumia ili aweze kusafisha fizi kwa kina bila kumuumiza mgonjwa, na hapo inaweza kuokoa meno. Makala hii inaeleza tofauti hiyo kwa ajili ya wakimbizi, waliorejea kutoka Tanzania na wenyeji wanaowapokea. Inauliza pia swali linalotuhusu sote: kwa nini katika huduma tunazopata, ganzi hutolewa kwa ajili ya kung'oa na si kwa ajili ya kutibu?

Fizi zinaugua vipi

Kila siku utando laini unaoitwa ukoga hujenga juu ya meno. Usiposuguliwa ukaondoka, unagandamana na kuwa mgumu kama jiwe. Huo ndio ugaga. Mswaki hauwezi kuuondoa ugaga. Vijidudu vilivyomo huchokoza fizi, fizi zinavimba na kutoa damu mtu anapopiga mswaki. Wengi wakiona damu wanaacha kupiga mswaki, na hali inazidi kuharibika.

Katika hatua hiyo ya kwanza fizi zinaweza kupona kabisa zikisafishwa. Zikiachwa, zinaanza kuachana na jino na kuacha nafasi kama mfuko. Fizi yenye afya ina nafasi isiyozidi milimita 3 hivi kati yake na jino. Ikifika milimita 4 na zaidi, ugaga unateremka chini ya fizi, mahali ambapo mtu hauoni, na mfupa unaoshikilia jino unaanza kuliwa. Mfupa huo haurudi kwa urahisi. Mwisho wake jino linalegea, ingawa lenyewe halijatoboka.

Shirika la Afya Duniani, WHO, katika ripoti yake ya Novemba 2022, lilikadiria kuwa watu karibu bilioni 3.5 duniani wana magonjwa ya kinywa, na kati yao wapatao bilioni 1 wana ugonjwa mkali wa fizi. Mtu mwenye kisukari yuko hatarini zaidi, na fizi zikiugua sukari yake nayo inakuwa ngumu kudhibiti. Uvutaji wa tumbaku unaongeza hatari. Wajawazito wengi hutokwa na damu kwenye fizi kwa sababu ya mabadiliko ya mwili.

Matibabu yanajulikana. Mtaalamu anakwangua ugaga juu na chini ya fizi, kisha analainisha mizizi ya jino ili fizi ishike tena. Kazi hiyo huitwa kusafisha meno kwa kina. Inaweza kufanywa kwa mashine inayotetema na kurusha maji, au kwa vifaa vya mkono vyenye ncha iliyopinda. Bila ganzi, mahali penye mfuko mrefu panauma sana. Hapo ndipo suala la jeli linapoingia.

Jeli si moja

Watu wengi husema tu "jeli ya meno", lakini kuna aina mbili ambazo hazifanyi kazi moja.

Ya kwanza ni jeli ya kupaka juu ya fizi. Mara nyingi ndani yake mna lidokaini au benzokaini. Inatia ganzi ngozi ya juu tu, kina cha milimita chache. Daktari huitumia kabla ya kuchoma sindano ili mgonjwa asisikie mchomo. Hukausha fizi kwanza, hupaka kidogo, husubiri dakika moja au mbili, ndipo huchoma. Jeli hiyo haifiki chini ya mfuko ambako ugaga umejificha. Ndizo jeli za namna hii ambazo mtu wa kawaida hukutana nazo dukani.

Ya pili imetengenezwa maalumu kwa kusafisha chini ya fizi. Inayojulikana zaidi inaitwa Oraqix, na iliidhinishwa Marekani mwaka 2003. Ina lidokaini asilimia 2.5 na prilokaini asilimia 2.5. Huingizwa ndani ya mfuko wa fizi kwa kifaa chenye ncha butu, bila kuchoma. Ikiwa nje ni majimaji. Ikikutana na joto la mwili inaganda na kubaki pale ilipowekwa. Inaanza kufanya kazi baada ya nusu dakika hivi na hudumu wastani wa dakika 20, muda wa kutosha kusafisha sehemu moja ya kinywa.

Je, inashinda sindano? Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliohusisha wagonjwa 170, ulilinganisha njia hizo mbili kwa watu walewale: upande mmoja wa kinywa ulisafishwa kwa jeli na mwingine kwa sindano. Sindano ilizuia maumivu vizuri zaidi. Hata hivyo, asilimia 70 ya wagonjwa walisema wangependelea jeli. Hawakupenda kuchomwa, na hawakupenda kukaa saa kadhaa midomo ikiwa mizito baada ya kutoka kwa daktari.

Matokeo hayo yanatufundisha jambo. Hofu ya sindano ina nguvu kiasi kwamba watu wako tayari kuumia kidogo ili waiepuke. Na mtu anayeogopa sindano huchelewa kwenda kwa muganga.

Kwa nini tunachelewa

Hofu yetu haikutoka hewani. Kwa wengi, mara ya kwanza kukaa kwenye kiti cha meno ilikuwa siku ya kung'olewa, na mara nyingi jino lilikuwa tayari na usaha. Penye usaha ganzi haishiki vizuri, kwa hiyo mgonjwa alisikia maumivu hata baada ya kuchomwa. Akirudi nyumbani anawasimulia wenzake, nao wanaapa kutokwenda mpaka washindwe kabisa. Wakifika wamechelewa, wanang'olewa. Mzunguko unaendelea.

Huduma zenyewe zimejengwa hivyo. Mwaka 2002 WHO na washirika wake walitoa mwongozo wa huduma za msingi za kinywa kwa maeneo yenye uwezo mdogo. Ulikuwa na nguzo tatu: kutuliza maumivu ya dharura, ikiwemo kung'oa, dawa ya mswaki yenye floraidi kwa bei nafuu, na kuziba meno kwa vifaa vya mkono bila umeme. Kusafisha fizi kwa kina hakukuwa nguzo.

Katika kambi za Mtabila na Nyarugusu, mkoani Kigoma, mradi ulioandikwa katika jarida la kimataifa la meno mwaka 2011 uliwafundisha wahudumu wa afya wa kambini kutoa huduma za dharura za meno, hasa kung'oa. Hilo lilikuwa jambo jema. Kabla yake, mkimbizi mwenye jino bovu angeweza kuteseka wiki nyingi. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012 na Warundi waliokuwa humo wakarudi nyumbani. Kambi ya Lukole, wilayani Ngara, iliyokuwa karibu zaidi na Kobero, ilifungwa mwaka 2008. Waliokulia katika kambi hizo walirudi wakijua kwamba kazi ya daktari wa meno ni koleo.

Sasa fedha nazo zimepungua. Tangu Januari 2025 Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, ilisitisha sehemu kubwa ya misaada yake. Wakati huohuo makumi ya maelfu ya Wakongo waliingia Burundi baada ya Goma na Bukavu kutekwa mwanzoni mwa 2025. Burundi inayowapokea ina upungufu wa mafuta na wa fedha za kigeni, na dawa nyingi hununuliwa kwa fedha hizo. Mhudumu anayeamua kati ya malaria, kipindupindu na fizi zinazotoka damu hawezi kulaumiwa akiweka fizi mwisho.

Lakini tuhesabu vizuri. Jino likishang'olewa halirudi, na kambini hakuna anayegawa meno ya bandia. Mgao wa chakula ukiwa ni mahindi na maharage, mtu asiye na magego anatafunaje? Mzee asiyeweza kutafuna anapunguza kula, na mgao wenyewe ni mdogo. Mama anayekesha na jino hawezi kuamka kwenda kulima au kuuza. Gharama hiyo haionekani katika hesabu za kituo cha afya, lakini familia inailipa.

Kinachokosekana si jeli

Hapa ndipo tunapotaka wasomaji na mashirika watutazame kwa makini. Jeli maalumu ya chini ya fizi ni ghali kuliko sindano. Kudai iletwe kila kituo kati ya Kobero, Muyinga na Gitega itakuwa kudai kitu ambacho hakitafika.

Hata hivyo, kituo chochote kinachong'oa meno kwa njia sahihi tayari kina ganzi ya sindano. Lidokaini yenye adrenalini imo katika orodha ya dawa muhimu ya WHO. Kichupa kilekile kinachotia ganzi ili jino ling'olewe kinaweza kutia ganzi ili fizi zisafishwe. Kinachokosekana ni vitu vitatu: seti ya vifaa vya mkono vya kukwangua, ambavyo huchemshwa kwa mvuke na kutumika miaka, mtu aliyefundishwa kuvitumia, na siku moja kwa wiki ambayo mtu huyo hafanyi kazi ya kung'oa.

Si kila muuguzi anaweza kusafisha chini ya fizi. Kazi hiyo inahitaji daktari wa meno au tabibu wa meno aliyesomea, kwa sababu mkono usiojua unaweza kuchana fizi. Lakini muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii anaweza kufundishwa kutazama fizi, kutambua hatua ya kwanza, kufundisha kupiga mswaki, na kumpeleka mgonjwa hospitali kabla jino halijalegea. Jeli ya kawaida ya kupaka, ile isiyo ghali, ingetosha kumpunguzia mgonjwa mchomo wa sindano. Kwa mtu anayeogopa, hilo peke yake linaweza kumfanya aje mwezi huu badala ya mwaka kesho.

Mwaka 2021 WHO iliongeza dawa ya mswaki yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu. Hiyo ni hoja ambayo kamati za afya za kambi na viongozi wa vilima wanaweza kuitumia: wakati wa kugawa sabuni, dawa ya mswaki na mswaki vihesabiwe kama dawa, si kama anasa.

Hatari za jeli ya dukani

Mzazi mwenye mtoto mchanga asome sehemu hii mara mbili.

Mtoto anapoota meno hulia, na mzazi hutafuta jeli ya kumpaka. Jeli nyingi za namna hiyo zina benzokaini, ambayo kwenye boksi huandikwa benzocaine au benzocaïne. Mwezi Mei 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba isitumike kabisa kwa watoto chini ya miaka 2. Sababu ni kwamba inaweza kubadilisha damu ishindwe kutoa hewa ya oksijeni mwilini. Mtoto anapumua kwa shida, analegea, na midomo, fizi au kucha zake zinageuka rangi ya kijivu au bluu. Ukiona dalili hizo baada ya kupaka jeli, mkimbize kituo cha afya saa hiyohiyo na uende na tyubu yenyewe. Lidokaini nayo haifai kwa kuota meno, kwa kuwa mtoto akiimeza kwa wingi inaweza kumletea degedege. Mtoto anayeota meno mpe kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi, au mkande fizi kwa kidole kilichonawa.

Prilokaini inaweza kuleta tatizo lilelile la damu hata kwa mtu mzima. Walio hatarini zaidi ni wenye upungufu wa G6PD, hali ya kurithi iliyo ya kawaida katika nchi zenye malaria. Hatari huongezeka pia kwa mtu anayetumia dawa fulani za malaria kama primakwini, au dawa za jamii ya salfa, ikiwemo kotrimoksazoli ambayo wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI hupewa. Kabla ya kuwekewa jeli au sindano yoyote ya ganzi, mwambie muganga dawa zote unazotumia. Usione aibu. Anayejua atachagua ganzi nyingine.

Hatari ya tatu ni kuficha ugonjwa. Mtoto wa miaka 2 hadi 6 mwenye utapiamlo, au aliyetoka kuugua surua, akipata fizi zinazotoka damu, zenye vidonda na harufu mbaya, inaweza kuwa mwanzo wa noma, ugonjwa unaokula uso. WHO iliuingiza katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa ya nchi za joto mwezi Desemba 2023. Bila matibabu unaua hadi asilimia 90 ya wanaoupata. Ukiwahiwa, dawa za kuua vijidudu, usafi wa kinywa na chakula bora huusimamisha. Kumpaka mtoto huyo jeli ya ganzi ni kupoteza siku ambazo angeokolewa. Nchini Burundi matibabu ya watoto chini ya miaka 5 katika vituo vya serikali ni bure tangu Mei 2006. Usisubiri pesa.

Na karafuu je?

Wazee wetu, hasa waliokaa pwani, huweka karafuu kwenye jino. Hawakukosea. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kuwait waliwapaka watu wazima 73 ama jeli ya karafuu, ama benzokaini asilimia 20, ama kitu kisicho na dawa, kisha wakawachoma sindano kwenye fizi. Karafuu ilipunguza maumivu ya mchomo sawa na benzokaini.

Kwa hiyo karafuu moja, ikitafunwa taratibu karibu na jino linalouma, inaweza kumfikisha mtu mzima hadi asubuhi aende kituoni. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa ni makali na huunguza fizi. Usimpe mtoto. Aspirini iliyosagwa na kubandikwa kwenye fizi nayo huunguza nyama. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoondoa ugaga.

Ukienda kwa muganga, uliza haya

Wengi wetu tukifika mbele ya muganga tunanyamaza. Una haki ya kuuliza, uwe mkimbizi au mwenyeji:

– Jino hili linaweza kuokolewa kwa kusafishwa, au ni lazima ling'olewe?
– Kama hapa hamsafishi, mnaweza kuniandikia rufaa ya kwenda hospitali, Muyinga au Gitega?
– Mtanitia ganzi ya aina gani, na mnaweza kupaka jeli kabla ya kuchoma?
– Nina mimba, kisukari au shinikizo la damu. Kuna la kubadilisha? (Mjamzito anaweza kusafishwa meno na kutiwa ganzi. Mwambie tu muganga ujauzito una miezi mingapi.)

Baada ya kutiwa ganzi, usile wala usinywe kitu cha moto mpaka hisia zirudi, usije ukajiunguza au kujing'ata ulimi bila kujua. Fizi zinaweza kuuma na kutoa damu kidogo kwa siku chache. Suuza kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi na uendelee kupiga mswaki mara mbili kwa siku, polepole. Damu ikiendelea kutoka kwa wingi, au uvimbe ukiongezeka na homa kuingia, rudi mapema.

Kwa mashirika na wakuu wa vituo, ombi ni dogo: seti ya vifaa vya kukwangua, mafunzo, na siku moja ya wiki. Ganzi mnayo tayari. Na kwako unayetembea na tyubu mfukoni: kama umeipaka zaidi ya siku mbili na maumivu yanarudi, usinunue nyingine. Pesa hiyo ifanye nauli ya kwenda kutazamwa wakati jino bado limeshika.